Roboti Igeukayo Gari: Ya Kuchezewa au Ya Kuwekwa Kabatini?

Idi inapokaribia, rafu za maduka ya vitu vya watoto katika miji yetu ya pwani hujaa, na miongoni mwa vinavyoombwa zaidi na wavulana, na wasichana pia, ni roboti igeukayo gari. Mzazi akiulizia bei hupigwa na butwaa. Moja huuzwa kwa mamia ya shilingi, ya pili kwa maelfu, na ya tatu, ambayo jamaa aliyeko Dubai au Muscat ndiye aliyeombwa kuileta, hugharimu mara kadhaa ya hizo mbili zikijumlishwa. Kwa mbali zote tatu ni gari dogo lenye kukunjuka likawa mtu wa chuma. Basi tofauti iko wapi, na ni ipi istahikiyo kununuliwa?

Makala haya yanakusudia kumpa mzazi mizani ya kuipimia roboti hiyo kabla hajatoa fedha yake. Msingi wa mizani yenyewe ni mmoja: chini ya jina hilo moja kuna vitu viwili mbalimbali. Kuna kitu cha mtoto kuchezea, na kuna kitu cha mtu mzima kukusanya na kuhifadhi. Aghalabu hasara na huzuni huingia nyumbani pale kimoja kinaponunuliwa kwa nia ya kingine.

Asili yake

Roboti hizi, zijulikanazo ulimwenguni kwa jina la Transformers, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1984 na kampuni ya Hasbro. Lakini chimbuko lake ni Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa ikitengeneza wanasesere wa jamii mbili, Diaclone na Microman. Diaclone ilianza mwaka 1980, na magari yake yageukayo roboti yakatoka mwaka 1982. Henry Orenstein, mbunifu wa vitu vya kuchezea mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi, ndiye aliyeviona vitu hivyo vya Kijapani na kuwashawishi wakuu wa Hasbro kwamba humo mna jambo kubwa.

Katika asili ya Kijapani roboti haikuwa na maisha yake yenyewe. Ilikuwa ni mashine iliyoendeshwa na dereva mdogo mwenye sumaku nyayoni, aliyeketi ndani ya gari. Hasbro walimwondoa dereva, wakaipa kila roboti jina, tabia na kisa chake. Mengi ya majina hayo yalibuniwa na Bob Budiansky, mhariri wa kampuni ya Marvel. Ndiyo sababu baadhi ya magari ya mwaka 1984 yana viti ambavyo hayupo wa kuvikalia. Takara iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006, na hadi leo Takara Tomy na Hasbro hushirikiana katika kazi hii. Mwaka 2024 roboti hizi ziliingizwa katika jumba la heshima la vitu vya kuchezea la Marekani, lililoko mji wa Rochester, katika jimbo la New York.

Kielelezo chetu: Prowl

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue roboti moja iwe kielelezo. Jina lake ni Prowl, nayo ni gari la polisi lenye rangi nyeupe na nyeusi. Umbo lake la gari ni Nissan Fairlady ya aina ya 280ZX, ambayo nje ya Japani iliitwa Datsun. Wazee wetu wanalikumbuka vyema jina hilo. Ndugu mkubwa wa gari hili, Datsun 240Z, alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 akiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Basi babu amwonaye mjukuu wake ameshika Prowl ana hadithi ya kumsimulia ambayo haimo katika filamu.

Mgeuko wa Prowl ni mfano mzuri wa hekima ya vitu hivi. Boneti huwa kifua. Milango hufunguka ikasimama nyuma ya mabega mithili ya mabawa. Sehemu ya nyuma ya gari huvutwa na kunyooshwa ikawa miguu. Kila kiungo cha gari hupata kazi ya pili katika mwili wa roboti, na mtoto hujifunza kwa vidole vyake kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na sura mbili bila ya kupungua wala kuzidi.

Kwa kalibu hiyohiyo ya Prowl walitengeneza roboti nyingine mbili: Bluestreak mwenye rangi ya fedha, na, mwaka 1985, Smokescreen mwenye rangi za gari la mashindano na nambari 38 ubavuni. Mzazi alijue hili. Mara nyingi mtoto anayelilia "ile nyingine" hulilia rangi tu, na umbo tayari analo nyumbani.

Mwaka 2003 Takara walianzisha safu ya pili kwa ajili ya watu wazima waliozipenda roboti hizi utotoni. Safu hiyo huitwa Masterpiece. Prowl wa safu hiyo alitoka mwaka 2013 akiwa na nambari MP-17, tena kwa idhini ya kampuni ya Nissan, hata gari lake ni nakala ndogo ya gari halisi. Sanduku la Masterpiece huandikwa umri wa miaka 15 na kuendelea. Wengi hudhani ni tahadhari ya kawaida tu. La, ni maelezo ya kweli: viungo vyake ni vingi, sehemu zake ni nyembamba, na mgeuko wake huhitaji subira ya mtu mzima.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni gari. Liweke juu ya meza iliyo sawa. Je, magurudumu yote manne yanagusa? Je, likisukumwa huenda moja kwa moja? Tazama mahali vipande vinapokutana, hususan katikati ya boneti na kando ya milango. Nafasi nyembamba si aibu, kwa kuwa ni lazima kitu kikunjuke; lakini vipande vikiachana kila gari linaposukumwa, jua kwamba vishikio vyake vya ndani ni dhaifu, na mtoto atachoka nalo mapema.

Kipimo cha pili ni roboti. Isimamishe bila ya kuiegemeza. Roboti isiyoweza kusimama kwa miguu yake ni gari lililofunguliwa tu. Kisha jaribu shingo, mabega, viwiko, nyonga na magoti. Hapa zile za mwaka 1984 hushindwa na za leo. Prowl wa kale ni mkakamavu kama askari wa gwaride, ilhali wa sasa hupiga goti, hugeuza shingo na kushika silaha kwa mikono miwili. Kwa mtoto, viungo hivi ndivyo mchezo wenyewe.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho kikuu, ni mgeuko. Sanduku nyingi huandikwa idadi ya hatua za kugeuza. Hatua chache hazimaanishi ubaya, wala hatua nyingi si dalili ya ubora. Uliza mambo mawili. Je, inageuka bila ya kung'olewa kipande chochote? Kipande kinachong'olewa leo kitapotea kesho chini ya kabati. Na je, kila hatua huishia kwa mlio mdogo wa kushika, au huachwa ikining'inia? Kipimo cha mwisho ni mtoto mwenyewe: akionyeshwa mara tatu, naye akaweza kuigeuza peke yake kwenda na kurudi, hiyo ni saizi yake. Akihitaji kumwita baba kila mara, imemzidi umri, na hapo ndipo viungo huvunjika. Kiungo kikikataa kisilazimishwe. Turudi kwenye karatasi ya maelekezo. Haraka haraka haina baraka.

Kipimo cha nne ni usalama. Roboti yenye vipande vidogo haifai nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, hata kama mwenyewe ni kaka yake mkubwa, kwa kuwa mtoto mdogo hukitia mdomoni kila akiokotacho. Makombora ya springi yachunguzwe. Hata mwaka 1984 springi za Kijapani zilipunguzwa nguvu kabla ya kuuzwa kwa watoto wa Marekani. Lakini kikubwa kuliko hayo ni betri ndogo za duara, bapa kama kifungo, zitiwazo katika roboti zenye taa na sauti. Mtoto akiimeza, betri hiyo huweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa chache. Kifuniko cha betri ni lazima kifungwe kwa skrubu. Kinachofunguka kwa ukucha kisinunuliwe, na mtoto akishukiwa kumeza betri apelekwe hospitali papo hapo pasi na kungoja dalili.

Jua, chumvi na mchanga

Waandishi wa ng'ambo wanaozisifu roboti hizi hawaishi pwani. Sisi tuna jua, unyevu na upepo wa chumvi, na kila kimoja kina hila yake.

Plastiki ya vitu hivi, hasa iliyo nyeupe, hubadilika ikawa ya manjano ikikaa juani na kwenye joto. Prowl, kwa weupe wake, ni wa kwanza kudhurika. Isiwekwe dirishani wala juu ya friji. Stika huinuka kingo kwa unyevu, basi yenye rangi iliyopakwa hudumu kuliko yenye stika. Vijiti vya chuma na skrubu hupata kutu, na kutu hiyo hupasua plastiki iliyoizunguka. Sehemu zing'aazo kama fedha zina utando mwembamba unaotoka kwa kusuguliwa. Mchanga nao ukiingia katika viungo huvikwaruza kila vinapozungushwa, hadi vilegee.

Tiba yake ni nyepesi. Baada ya kuchezewa nje, ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, ikaushwe kivulini. Isipakwe mafuta ya nazi wala ya kupikia ili "iteleze", kwani mafuta hushika vumbi na kuvifanya viungo vinate.

Ya asili na ya kuigiza

Uigizaji wa roboti hizi ni wa tangu zamani. Mwaka 1985 Hasbro walianza kubandika juu yake alama maalumu isikiayo joto: ukiisugua kwa kidole, sura iliyofichika hujitokeza. Ilikuwa ni njia ya mnunuzi kujua kwamba hakudanganywa.

Siku hizi mzazi na atazame yafuatayo. Majina ya watengenezaji huchorwa ndani ya plastiki yenyewe, aghalabu mguuni au chini ya gari. Yakikosekana, kuna shaka. Maandishi ya sandukuni yenye herufi zilizokosewa ni dalili nyingine. Harufu kali ya plastiki, rangi inayobaki vidoleni na viungo vinavyoanguka kwa uzito wao wenyewe hukamilisha ushahidi.

Hatusemi kila cha bei nafuu ni kibaya. Mzazi mwenye mia tano aliyemnunulia mwanawe roboti isiyo na jina, akajua ni ya kuigiza, akaikagua usalama wake, hakudanganywa. Aliyedanganywa ni yule aliyelipa bei ya asili akapewa ya kuigiza. Na muuzaji anayejua kisha akanyamaza, ajue kuwa kuficha aibu ya bidhaa si werevu wa biashara.

Ukusanyaji na bei zake

Tuje sasa kwa kile kitu cha pili, yaani roboti ya kukusanywa. Bei yake hupandishwa na uchache, ukamilifu na hali. Prowl wa mwaka 1984 aliyepoteza kombora moja na bunduki yake hupungua thamani sana, japo mwili wake ni mzima. Sanduku lenyewe lina bei. Nyuma yake palichapishwa sifa za roboti kwa namna iliyofichika, zisomwe kwa kipande cha plastiki nyekundu kilichowekwa ndani. Na palikuwa na alama za kukatwa kwa mkasi ili mtoto azikusanye na kuagizia zawadi. Watoto walizikata, ndiyo maana sanduku zima limekuwa adimu. Ajabu ya mambo ni kwamba kilichozipa roboti hizo thamani ni ule mchezo wa mamilioni ya watoto walioziharibu.

Hapa pana somo la fedha. Kitu hupanda bei kwa kuwa hakuna aliyefikiri kukihifadhi. Kinachohifadhiwa na kila mtu tangu siku ya kwanza hakiwi adimu. Isitoshe, watengenezaji hutoa upya mitindo ya zamani. Prowl wa asili alitolewa tena katika miaka ya 2000, na aliyetaka umbo lile alilipata bila ya kulipa bei ya mkongwe. Mwisho, soko la vitu hivi liko Japani, Marekani na Ulaya. Mwenye roboti adimu Mombasa ni lazima ampate mnunuzi wa mbali, alipe usafirishaji, na ahimili hatari ya kupotea njiani. Thamani isomwayo kwenye simu si fedha iliyomo mfukoni. Anayenunua kutoka ng'ambo naye akumbuke kuwa juu ya bei iko nauli, ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16.

Swali la msomaji

Mama mmoja ametuandikia. Kaka yake afanyaye kazi Ghuba alimletea mpwawe wa miaka tisa roboti ndani ya sanduku. Mtoto alifurahi. Wiki moja baadaye mjomba akapiga simu, akasema isifunguliwe kamwe kwa kuwa itakuja kuwa na bei kubwa. Tangu hapo roboti iko juu ya kabati, na mtoto hukaa chini akiitazama. Mama anauliza: roboti hii ni ya nani, na je, akimruhusu mtoto kuifungua atakuwa amemvunjia kaka yake heshima?

Jawabu ni kwamba roboti ni ya mtoto. Zawadi ikishatolewa na kupokewa, na mlezi akaipokea kwa niaba ya mtoto, umiliki umehama. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani, mzazi ndiye mwenye nafasi ya kurejea katika alichompa mwanawe. Mjomba hana nafasi hiyo. Basi neno lake la baadaye ni ushauri, nao usikizwe kwa heshima, lakini haliirudishi zawadi mikononi mwake.

Hata hivyo, mlezi naye hana ruhusa ya kuiharibu mali ya mtoto. Wajibu wake ni kutazama maslahi. Hapa kuna maslahi mawili: bei ya kesho na furaha ya leo. Mama ametueleza kuwa sanduku limeandikwa umri wa miaka 8 na kuendelea. Hiyo ni safu ya watoto, itengenezwayo kwa wingi na kuuzwa kila mahali, na tumaini la bei kubwa ni dogo. Bei hiyo ni dhana, lakini umri wa miaka tisa unapita kwa yakini. Mtoto akifika ishirini na sanduku lake zima, hatakuwa na hamu ya kuligeuza gari, wala huenda asipate wa kulinunua. Kwa maoni yetu ifunguliwe.

Lakini adabu itangulie. Mama ampigie kaka yake kwanza, amshukuru, amweleze jinsi kijana anavyoitazama, kisha amwombe baraka zake. Na kama ingekuwa ni ile ya Masterpiece ya umri wa miaka 15, tungesema vingine: ihifadhiwe kwa jina la mtoto hadi akue, au, mjomba akiridhia, ibadilishwe kwa inayomfaa sasa, na mtoto aelezwe sababu waziwazi badala ya kuachwa akingoja.

Wajomba na mashangazi walio safarini nao wana neno lao. Anayetaka kuweka akiba na afanye hivyo kwa jina lake mwenyewe. Anayetaka kumfurahisha mtoto ampe kitu cha kufunguliwa. Kumpa mtoto kwa mkono wa kulia na kumzuia kwa wa kushoto humfundisha kuwa ahadi za watu wazima zina mlango wa nyuma.

Ama kuhusu umbo la roboti kuwa ni sanamu, wanazuoni wengi wametoa ruhusa kwa vitu vya watoto kuchezea, wakitegemea habari za wanasesere wa Bi Aisha. Vya mapambo ya watu wazima rafuni vina mjadala wake, na mkusanyaji amuulize mwalimu wake.

Muhtasari kwa mnunuzi

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, tafuta roboti nene zenye mgeuko wa hatua moja au mbili, kama zile za safu ya Rescue Bots, zisizo na vipande vya kung'oka. Kwa wa miaka sita au saba, zidisha hatua kidogo. Kwa wa miaka minane na kuendelea, safu iitwayo Deluxe, yenye roboti za urefu wa takriban sentimita 14, inatosha kabisa. Hapo ndipo fedha ya mzazi hununua mchezo mwingi zaidi. Masterpiece tuwaachie watu wazima, nao wazinunue baada ya karo, kodi ya nyumba na haki za jamaa kutimia.

Na siku ya kufungua, mzazi aketi chini pamoja na mtoto, wasome maelekezo, wageuze mara ya kwanza kwa mikono minne. Roboti ya bei ndogo iliyogeuzwa hivyo hukumbukwa kuliko ya bei kubwa iliyokaa kabatini.

Wabillahi tawfiq.